Kumchosha Mbwa Bila Kufungua Geti

Ploti ya futi 50 kwa 100 kule Lanet au Kiamunyi mjini Nakuru, au Mamboleo mjini Kisumu, ukishaondoa nyumba, tangi la maji na maegesho ya gari, hubakisha ukanda wa nyasi ambao mtu mzima anaumaliza kwa hatua chache. Ndani ya ukanda huo watu wengi wanafuga German Shepherd, Belgian Malinois, Rottweiler au chotara wa hao. Ni mbwa wa kazi. German Shepherd na Malinois walitokana na mbwa wa kuchunga kondoo, mmoja Ujerumani na mwingine Ubelgiji, na damu hiyo ya kushinda wakizunguka kundi bado wanayo. Mbwa wa aina hii akifungiwa kibandani toka alfajiri hadi usiku hujitafutia kazi. Huchimba maua, huangua nguo kambani, hutafuna gumbuti, hukimbia kando ya ua huku na huku mpaka njia inachongeka ardhini, na hubwekea kila bodaboda inayopita.

Mwenye mbwa naye huchoka. Jirani analalamika, watoto wanaogopa kutoka nje, na baada ya miezi michache wazo la kumpa mtu wa mashambani mbwa huyo linaanza kuonekana zuri. Wengi hutolewa wakiwa na umri wa kati ya miezi minane na mwaka mmoja na nusu, na huo ndio ujana wao, wakati nguvu zimejaa na akili bado haijatulia. Inasikitisha, kwa sababu wengi wao wangetulia kama mtu angejua namna ya kuwashughulisha.

Ushauri wa kwanza unaotolewa ni kumkimbiza. Ndio pia unaoharibu mambo. Mbwa mchanga mwenye afya ukimkimbiza kilomita tano kila asubuhi, baada ya miezi miwili utakuwa na mbwa anayehitaji kilomita kumi. Pumzi yake imeongezeka, misuli imekomaa, lakini kichwa hakijafundishwa kutulia. Vitu vinavyomchosha mbwa wa kazi ni vitatu: kutumia pua, kufikiri, na kujizuia. Mbio ni kiungo tu. Tena njia zetu nyingi si salama kwa mbio hizo: mbwa wasio na mwenyewe, kupe, bodaboda, na hofu ya watu, ambayo ina msingi wake mahali ambapo kichaa cha mbwa bado kipo. Mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo zake, ambazo hutolewa kwa awamu mpaka anapofikisha takriban wiki 16, hafai kabisa kutembezwa mahali mbwa wengine wanapopita.

Wiki ya kwanza usiongeze zoezi lolote. Badilisha ulishaji peke yake. Chakula cha bakuli huisha ndani ya dakika moja au mbili. Chakula hichohicho kikitawanywa kwenye nyasi kinaweza kumshughulisha kwa robo saa, kichwa chini, pua ikifanya kazi. Anza na eneo la mita mbili kwa mbili, halafu lipanue kila baada ya siku mbili au tatu. Kosa la kawaida ni kutawanya chakula uani kote siku ya kwanza. Mbwa hutafuta kwa macho, hakioni, anakata tamaa na kurudi mlangoni kulia.

Chakula kikavu cha dukani hutawanywa kama kilivyo. Lakini nyumba nyingi hulisha ugali na matumbo au supu ya omena (dagaa wa ziwani), na ugali wa moto haumwagwi nyasini. Usonge uwe mgumu, uache upoe usiku kucha, kisha ukate vipande vya ukubwa wa ukucha wa kidole gumba na uvichanganye na omena mkavu. Akimaliza, kagua eneo na uokote mabaki. Mabaki huita panya, na kuanzia Kakamega hadi Bungoma huita siafu pia. Kama una mbwa wawili, mmoja awe amefungiwa mwenzake anapokula. Mbwa waliolelewa pamoja na kupendana wanaweza kurarurana kwa sababu ya kipande cha mwisho.

Omena ndiyo tuzo bora ya mafunzo ninayoijua kwa watu wa pande hizi. Harufu yake ni kali, ni ndogo, na haihitaji kununuliwa kwenye duka la wanyama. Uchague usio na chumvi, upepete mchanga, uuoshe, kisha uukaushe juani au kwenye sufuria kavu mpaka ukatike ukiukunja. Badala yake waweza kutumia maini ya ng'ombe yaliyochemshwa bila chumvi wala kitunguu, yakakatwa vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Tuzo zote za siku zisizidi sehemu moja kwa kumi ya chakula chake, na uzipunguze kwenye mlo. Mbwa anayenenepa huku akifanyishwa mazoezi anaumizwa magoti.

Wiki ya pili leta kazi ya pua yenye neno lake. Mfunge mbwa mahali anapoweza kukuona, weka vipande vitano vya omena waziwazi, hatua moja moja kutoka kimoja hadi kingine, kisha mfungulie na useme "tafuta". Rudia mara tatu, umalize. Siku zinazofuata vifiche kidogo: nyuma ya tofali, chini ya ukingo wa ndoo, kwenye makutano ya ukuta na sakafu. Akishalielewa neno, mfiche yeye nyuma ya mlango unapoficha vipande. Baadaye ongeza urefu: juu ya kiti, kwenye mwanya wa ua, kwenye uma wa mti, lakini pasizidi kimo cha pua yake akiwa amesimama kwa miguu minne, la sivyo ataanza kuparamia ukuta. Dakika kumi za kutafuta kwa dhati humfanya anywe maji na kulala mwenyewe. Mbwa anapofuata harufu hunusa kwa haraka mfululizo na ubongo wake hufanya kazi kubwa, ndiyo maana uchovu wake ni wa namna nyingine kabisa na ule wa mbio.

Epuka kuficha karibu na mahali palipowekwa sumu ya panya au palipopuliziwa dawa ya wadudu. Na asipopata kipande, usimwonyeshe kwa kidole papo hapo. Sogea tu upande huo, usimame, umwache amalizie. Ukimwonyesha kila mara atajifunza kukutazama wewe badala ya kunusa.

Vyombo vya kumfikirisha viko jikoni. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, ondoa kifuniko, pete ya shingoni na karatasi ya nje, toboa matundu matatu kwa msumari wa moto yaliyo makubwa kidogo kuliko chembe za chakula, kisha ukwaruze kingo zisikate ulimi. Ataisukuma kwa pua ili chembe zidondoke. Siku akianza kuing'oa vipande, itupe. Mbwa anayemeza plastiki asipewe kabisa, maana utumbo ukiziba ni upasuaji, na dalili zake ni kutapika, kukataa chakula, kukosa choo na tumbo kuuma. Hapo ni kwa daktari siku hiyohiyo. Kwa mbwa kama huyo tumia taulo kuukuu: litandaze, nyunyiza chakula, likunje kama mkeka, umpe alifungue kwa pua na miguu. Akishazoea, lipige fundo moja. Trei ya mayai ya karatasi nayo inafaa, mradi anairarua tu bila kuila.

Sasa ndipo mbio ziingie, na kwa eneo dogo hakuna kifaa kinachoishinda fimbo ya kamba. Fundi wa mabomba huwa na vipande vya bomba la plastiki vilivyobaki. Omba cha robo tatu inchi, urefu wa mita moja hadi moja na robo. Pitisha kamba ya pamba ndani yake ibaki mita moja na nusu hadi mbili upande wa mbele, piga fundo kubwa upande wa mkononi, kisha uzungushie utepe mweusi wa fundi wa umeme ncha zote mbili. Mwisho wa kamba funga mguu wa suruali ya jinzi kuukuu, wa urefu wa sentimita 30 hivi. Kamba ya nailoni huchoma viganja na vidole vya mbwa ikipita kwa kasi, kwa hiyo iache.

Matumizi yake ndiyo yanayotofautisha faida na madhara. Kitambaa kibaki chini, kiteleze juu ya nyasi kwa mkondo mpana. Usikirushe hewani. Mbwa akiruka na kujipinda angani, huangukia mguu mmoja wa nyuma, na hapo ndipo kano za goti zinapokatika. Cheza sekunde 30 hadi 60, simamisha kitambaa kiwe mfu, sema "acha", ungoja. Akikiachia na kurudi nyuma hata hatua moja, anza tena mara moja. Mchezo wenyewe ndio tuzo. Asipoachia, usivute. Kanyaga kamba, simama kimya mpaka achoke kushika. Baada ya kila mikimbizo miwili au mitatu mwache ashinde na akibebe. Dakika tano za namna hii zinatosha mbwa anayeanza, na kumi ni nyingi hata kwa Malinois. Sehemu anayojizuia, akitetemeka huku akingoja neno lako, ndiyo yenye thamani kubwa zaidi. Wanaoiruka wakabaki na kukimbiza tu hupata mbwa aliyepandwa na kichaa cha mchezo, anayeirukia fimbo kila aionapo. Ukimaliza, ifungie stoo.

Kabla ya yote hayo tazama ardhi. Kabro, yaani matofali ya kusakafia ua, na zege hukwaruza nyayo, na kabro iliyoota kuvu wakati wa mvua huteleza. Fanyia mchezo kwenye nyasi au udongo. Nakuru udongo wa majivu ya volkano hutimka vumbi jingi kiangazi. Umwagie maji kidogo nusu saa kabla, asije akavuta vumbi hilo huku anahema. Ndani ya nyumba yenye taili, tandika zulia kuukuu au magunia. Taili humfanya mbwa akimbie huku miguu ikitawanyika, na maumivu ya nyonga huja baadaye. Na ule mwanga mdogo wa kielektroniki wanaochezea watoto, unaokimbia ukutani, usimwonyeshe mbwa kamwe. Hakuna anachokamata, na wapo wanaoishia kufukuza vivuli na miale ya jua kutwa nzima.

Mbwa wa aina kubwa aliye chini ya miezi 18 bado mifupa yake ina sehemu laini za kukulia. Mpe nusu ya muda niliotaja, bila kuruka wala kukata kona kali, na ajengwe zaidi kwa pua.

Kwa wiki ya tatu kuna kazi ya miguu isiyo na mbio, ambayo wafugaji wachache hapa huitumia ingawa ni rahisi mno. Laza fito nne hadi sita chini, nafasi ya katikati ikiwa sawa na kimo cha mbwa begani, kila ufito ukiegemea vipande vya tofali kwa kimo cha sentimita kumi tu. Mpitishe akiwa na kamba shingoni, kwa mwendo wa kutembea, omena ikiwa mbele ya pua yake usawa wa kifua. Lazima afikirie kila mguu, hasa ile ya nyuma ambayo mbwa wengi hawaijali. Akigonga ufito, umekwenda haraka au nafasi ni finyu. Ufito usifungwe, uache uanguke. Pita mara sita hadi nane, basi.

Jukwaa ni kifaa kingine cha kudumu. Fundi wa jua kali atakutengenezea kwa mbao na plaiwudi: sentimita 60 kwa 90, kimo cha sentimita 15, juu pakigongelewa gunia ili pasiteleze. Mfundishe kupanda, kukaa, kulala na kungoja hapo huku wewe ukipiga hatua moja, kisha tatu, kisha ukifungua na kufunga mlango. Anza kwa sekunde tano za kungoja. Ukikimbilia dakika mbili atavunja amri, na kila anapovunja anajifunza kwamba inavunjika. Baada ya mwezi jukwaa hilo ndilo litakalomtuliza mgeni anapoingia.

Kungoja huko hakuhitaji uwanja, ndiyo maana napenda kazi hizi kwa watu wa Kakamega na Kisii, ambako mvua ya alasiri inakufungia ndani kwa wiki nzima. Jukwaa, taulo na vipande vitano vya kutafuta vinaingia kwenye varanda.

Kisumu ina tatizo tofauti. Mji uko chini, takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na ziwa huongeza unyevu hewani. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, hujipoza kwa kuhema, na hewa yenye unyevu hupunguza nguvu ya kuhema huko. Mazoezi ya miguu yawe kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na mbili jioni. Weka mgongo wa mkono kwenye zege. Usipovumilia sekunde saba, nyayo zake zitaungua. Mchana mpe kazi ya baridi: supu isiyo na chumvi wala kitunguu, igandishwe kwenye mkebe wa plastiki ikiwa na vipande vya nyama ndani, kisha uitoe mkebeni aulambe mpira wa barafu kivulini.

Ulimi ukipanuka na kuning'inia upande, ufizi ukawa mwekundu wa kuiva, mate yakawa mazito au akayumba, simamisha kila kitu. Mpeleke kivulini, mmwagie maji mwilini mfululizo, hasa tumboni na kwenye kinena, mpepee, na umpeleke kwa daktari wa mifugo hata akionekana amepata nafuu. Usimfunike kwa taulo lililolowa na kumwacha, maana taulo likipata joto huzuia joto lake lisitoke.

Mlo mkubwa na mazoezi makali viachane: mazoezi yaishe saa moja kabla ya mlo, au yaanze angalau saa mbili baada yake. Mbwa wenye kifua kirefu, kama German Shepherd na Rottweiler, wamo kwenye hatari ya tumbo kujaa hewa na kujizungusha. Tumbo gumu lililovimba na kujaribu kutapika bila kutoa kitu ni dharura ya saa hiyohiyo, usiku au mchana.

Kila kipindi kiishie kwa utulivu, na hapa ndipo wengi wanapokosea: wanamchezesha kwa nguvu, wanafunga mchezo ghafla na kuingia ndani, mbwa anabaki na moto wote mwilini. Mzungushe polepole kwa kamba dakika tatu, maji kidogo kidogo, kisha mkeka wake na kitu cha kutafuna. Viazi vitamu, ambavyo huku havikosekani sokoni, vinafaa sana. Kata vipande vya unene wa sentimita moja, vianike chini ya neti mpaka viwe vigumu kama ngozi bila kukatika. Mifupa iliyopikwa, ya kuku au ya samaki, usimpe. Huvunjika kwa ncha kali na kutoboa utumbo. Kutafuna na kulamba humtuliza, na mbwa mzima anahitaji kulala takriban saa 12 hadi 14 kwa siku. Mtoto wa mbwa anayeng'ata ovyo jioni mara nyingi anadai usingizi, na kumwongezea mchezo ni kumwongezea tatizo.

Wapo wanaoogopa kwamba mbwa anayechezeshwa atawachekea wezi. Fikiria mbwa aliyejaa nguvu alivyo usiku: anabwekea paka, upepo na mabati, mpaka wenye nyumba hawaamki tena. Mbwa aliyefanya kazi asubuhi na kulala mchana husikia kinachostahili kusikika. Weka fimbo ya kamba na fito asubuhi, jioni ibaki kazi ya pua peke yake, na imalizike mapema kabla hajafunguliwa kulinda. Neno "shika" liondolewe kwenye michezo yote. Watoto wa jirani wanalijua na watalitumia, na siku hiyo kutakuwa na mbuzi au mtu barabarani. Kwa kuvutana tumia "vuta".

Kwa jumla unahitaji dakika 40 hadi 60 kwa siku, zikigawanywa mara tatu. Mara nyingi anayezitoa ni kijana wa kazi au soja, yaani mlinzi wa nyumba, kwa hiyo mwenye mbwa amwonyeshe kwa vitendo na wote watumie maneno yaleyale. Baba akisema "lala", mama "down" na soja "kaa chini", mbwa hujifunza kwamba maneno hayana maana.

Wiki nne zikipita bila nafuu yoyote, tafuta sababu ya mwili. Kupe masikioni na kati ya vidole, viroboto, minyoo na sikio lenye uvundo humnyima mbwa raha, na hakuna mchezo unaotibu mwasho. Dume asiyekula, anayelia na kupima ua mchana na usiku, huenda kuna jike aliye kwenye joto hata nyumba kadhaa mbali. Hali hiyo hudumu takriban wiki tatu. Zungumza na daktari wa mifugo kuhusu kuhasi, na kwa wiki hizo kagua chini ya ua kila jioni, maana atachimba mahali palepale ulipopafukia jana. Mawe makubwa yafukiwe nusu ardhini kwenye tundu lenyewe. Udongo peke yake hautamzuia.